Yale Maji ya Bluu Yanapima Nini?

Tangazo lenyewe unalijua hata kama huna mtoto wa kike nyumbani. Pedi imelazwa mezani, haina mwenyewe. Unatokea mkono, unamimina maji ya bluu kutoka kwenye kichupa cha maabara, maji yanazama, mkono wa pili unapitisha karatasi nyeupe juu yake na karatasi inatoka kavu. Halafu anakuja msichana wa suruali nyeupe, anaruka kamba, anapanda baiskeli, anacheka na wenzake. Taarifa ya habari inaendelea. Mgeni asiyejua lolote angeapa kwamba anauziwa kitu cha kukaushia wino uliomwagika.

Mimi nauza hizo pedi. Nina duka la dawa muhimu huku Tanga, pembeni ya mji, na msambazaji mmoja alinibandikia bango la tangazo la namna hiyo mlangoni, tone la bluu likiwa na ukubwa wa ndoo. Kwa hiyo maswali yanayozaliwa na ile picha huwa yanaishia kaunta kwangu. Siku moja aliingia binti wa darasa la sita, amevunja ungo likizo ile ile, katumwa na shangazi yake aliyebaki nje akijifanya anaongea na simu. Akasema shikamoo, akanunua pakiti, akahesabu chenji, akasimama. "Anti, na ile dawa yake ya bluu mnauza shilingi ngapi?"

Alidhani kuna kimiminika cha kumwagia pedi kwanza ndipo ifanye kazi. Usimcheke. Zungusha macho kwenye rafu zangu: kila picha yenye kitu kinachomiminwa inakuonyesha unachotakiwa kumimina wewe. Dawa ya kikohozi inamiminwa kwenye kijiko, dawa ya kuua vijidudu inamiminwa kwenye beseni. Mtoto yule alisoma picha kwa kanuni ile ile iliyomsaidia kwenye bidhaa nyingine zote, ikamwangusha kwenye hii moja tu. Kosa si lake.

Picha kwenye bidhaa inayogusa mwili inasomwa kama maelekezo, mtengenezaji apende asipende. Mfano mzito kuliko wote ninaoujua unatoka Laos. Kulikuwa na krimu ya kuwekea kahawa ya Bear Brand, na nembo kwenye kopo ilikuwa dubu aliyempakata mwanawe kana kwamba anamnyonyesha. Watafiti walihoji watu wazima 1,098 na kuchapisha matokeo mwaka 2008 kwenye jarida la BMJ. Asilimia 46 walielewa kwamba nembo ile inamaanisha maziwa ya kumlisha mtoto mchanga, au ya kushika nafasi ya maziwa ya mama. Asilimia 18.8 walikuwa wameshawapa watoto wao. Onyo la maandishi lilikuwepo kwenye kopo, ila wanne kati ya watano hawakuwa wamelisoma. Dubu alikuwa ameshasema.

Pedi haiui kama krimu ya kahawa inavyoweza kumdhoofisha mtoto wa miezi minne, sawa. Lakini yale maji ya bluu nayo yanasema jambo, na miaka yote hii tumekuwa tukigombana nayo kwa jambo lisilo lenyewe.

Tunagombania rangi. Kila anayekosoa matangazo haya anauliza kwa nini bluu na si nyekundu, na jibu linajulikana: aibu. Aibu hiyo ina umri mrefu. Kotex, mojawapo ya pedi za kwanza kuuzwa kwa wingi duniani, ilitokana na malighafi ya nyuzi za mbao ambayo kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani iliuza kwa ajili ya kufungia vidonda katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vikaisha, mzigo ukabaki, na mwaka 1920 ukaanza kuuzwa kama pedi. Tangazo lake mojawapo la 1921 lilichorwa manesi wakihudumia askari majeruhi. Msomaji wa kike alitakiwa ajiongeze mwenyewe. Madukani boksi ziliwekwa juu ya kaunta na kando yake kasha la kudumbukiza pesa, ili mteja asilazimike kutamka kitu mbele ya muuzaji mwanamume.

Huku kwetu kasha hatukuwa nalo, tulikuwa na mfuko mweusi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, gazeti limerudi kazini. Wapo wateja wangu watu wazima, wake za watu, ambao hawaondoki mpaka niizungushie pakiti kurasa za michezo. Ninazizungusha. Sijawahi kumhubiria mtu.

Televisheni za Marekani ziliyakataa matangazo ya pedi hadi mwaka 1972, na hata yalipokubaliwa ilichukua mpaka 1985 kwa tangazo kulitamka waziwazi neno la kawaida la Kiingereza la hedhi. Aliyelitamka ni mwigizaji Courteney Cox, kabla hajawa maarufu. Mwaka 2017 chapa ya pedi ya Bodyform ikaonyesha kimiminika chekundu nchini Uingereza, ikawa habari ya dunia. Tangazo la namna hiyo lilipofika Australia mwaka 2019 chini ya jina la Libra, watu walilalamika kwa mamia, na chombo kinachosimamia maadili ya matangazo kule kikayatupilia mbali malalamiko. Wakosoaji wakashangilia. Nami nilifurahi, kwa kiasi.

Kwa kiasi, kwa sababu maji yaliyotiwa rangi nyekundu bado ni maji. Tumeikamata rangi, maji tumeyaacha yapite.

Ichane pedi ya kisasa uione ilivyo. Juu kuna utando mwembamba wenye matundu, chini yake tabaka la kusambaza majimaji, kisha moyo wa pedi ambao ni nyuzi za mbao zilizosagwa, na chini kabisa plastiki ya kuzuia kuvuja. Ndani ya zile nyuzi zimenyunyizwa chembe nyeupe za sodiamu poliakrileti. Hizo ndizo zinazofanya miujiza ya kwenye televisheni. Gramu moja ya chembe hizo inaweza kunywa mamia ya gramu za maji safi na kuyageuza rojo zito. Lakini ziweke kwenye maji yenye chumvi kwa kiwango cha mwili wa binadamu, yaani asilimia 0.9, uwezo unaporomoka hadi makumi. Chumvi inazizuia zisivimbe. Na damu, mbali na chumvi yake, ina mnato mara tatu hadi nne ya ule wa maji, ina chembe hai, ina protini. Damu ya hedhi imechanganyika pia na ute na vipande vya ukuta wa kizazi, na wakati mwingine inakuja kwa mabonge. Hayo yote hayana haraka ya kupenya kwenye vitundu vya utando.

Kwa hiyo maji ya bluu yanapomiminwa, unachoonyeshwa ni jinsi pedi inavyokunywa kitu ambacho haitakutana nacho kamwe katika kazi yake. Tena ikiwa imelala bapa kabisa mezani, haijakaliwa, haijabanwa na mapaja, haijapanda daladala, haijainama kufua.

Nilianza kulifikiria hili vizuri kwenye kikoba chetu. Mwanachama mmoja alituletea mgeni, dada mchangamfu wa hii biashara ya mtandao, ana begi la pedi zenye ukanda wa kijani katikati alioita chipu. Chipu ile, kwa maelezo yake, inakausha uvimbe kwenye kizazi, inaondoa yutiai, inarekebisha homoni, na baba watoto mwenye matatizo ya tezi dume anaweza kuibandika vilevile. (Wanaume wa mtaa huu wanaosita hata kubeba pakiti ya pedi mkononi, leo waivae.) Kisha akaja kwenye onyesho. Akachana pedi ya kampuni nyingine, moja ya zile tunazonunua siku zote, akaloweka pamba yake kwenye glasi ya maji, akakoroga kwa kijiko. Maji yakawa kama uji mwepesi. "Mnauona uchafu mnaouweka mwilini?" Kina mama wakaguna. Halafu akaichukua ya kwake, hakuichana, akaimiminia maji ya chupa polepole, karibu nusu ya chupa ya nusu lita, akaigeuza juu chini. Haikudondosha hata tone. Makofi.

Lile la kwanza ni kiini macho cha bei rahisi. Nyuzi za mbao zikikorogwa ndani ya maji zinaachana na maji yanakuwa na ukungu, hata zikiwa safi kuliko unga wa sembe. Angeikoroga ya kwake ingefanya hivyo hivyo. Hakuna aliyemwambia aikoroge, na mimi mwenyewe nilinyamaza, maana mwanachama aliyemleta ndiye mweka hazina wetu na nilikuwa nimeomba mkopo.

Lile la pili nilienda nalo nyumbani. Kesho yake nikamwita jirani yangu fundi cherehani, aje na mkasi. Tukachukua pedi moja ya kawaida kutoka rafuni, tukaikata katikati. Nusu tukaiweka kwenye bakuli la maji ya bomba. Nusu ya pili kwenye bakuli lenye maji kiasi hicho hicho, ila nusu lita yake tumeikoroga na kijiko cha chai cha chumvi ya kupikia. Ya maji ya bomba ilivimba mpaka ikapasua utando wake, ukiibonyeza inarudi, vidole vinatoka na rojo linaloteleza. Ya chumvi ilivimba kidogo tu, na tulipoibonyeza ikatema maji. Fundi akachota chumvi kwa vidole viwili, akanyunyiza juu ya lile rojo lililovimba. Lilianza kulegea mbele ya macho yetu, maji yakachuruzika kwenye sahani. "Kumbe inapenda maji ya bomba tu," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Sitaki kusema pedi hazifanyi kazi. Zinafanya kazi vizuri, na mama yangu aliyelelewa na vitambaa vya kanga kuukuu atakwambia tofauti. Ninachosema ni kwamba kipimo tunachoonyeshwa ni cha uongo, na uongo huo unamgharimu mwanamke jambo moja mahususi: hajui kiasi.

Hebu tuzungumze kiasi. Mwanamke wa kawaida hupoteza takriban mililita 30 hadi 40 za damu kwa hedhi nzima, siku zote zikijumlishwa. Ni vijiko vikubwa viwili, vitatu. Madaktari huita hedhi nzito inapovuka mililita 80 kwa mzunguko mmoja. Sasa mrudie yule dada wa chipu: maji aliyoimiminia pedi moja, kwa kukadiria, yalikuwa mililita 250. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya kiwango ambacho daktari angekiita hedhi nzito ya siku zote, kimeingia kwenye pedi moja, kwa dakika moja, kwa makofi. Mwanamke akikaa mbele ya onyesho kama lile anaondoka amejifunza nini? Kwamba hicho ndicho kiasi ambacho pedi imetengenezwa kukibeba. Kwamba ikijaa chapakapa ni kawaida, ndiyo kazi yake.

Na si wauza chipu peke yao waliokwepa damu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon cha Afya na Sayansi nchini Marekani walichapisha jaribio la bidhaa 21 za hedhi kwa kutumia damu halisi ya binadamu, zile chembe nyekundu zinazohifadhiwa kwa ajili ya kuongezewa wagonjwa. Walieleza kwamba kabla yao hakukuwa na utafiti uliochapishwa uliopima uwezo wa bidhaa hizi kwa damu. Makampuni yamekuwa yakitumia maji au maji ya chumvi. Na Kotex ilianza kuuzwa 1920. Viwango vingi vilivyoandikwa kwenye bidhaa havikulingana na walichokipata, vingine juu, vingine chini. Kwa jumla pedi, tamponi (zile zinazoingizwa ukeni) na vikombe vya hedhi vilibeba kama mililita 20 hadi 50. Maana yake ni hii: pedi mbili tu za siku nzito zikijaa kabisa, kabisa, unaweza ukawa tayari umekaribia au umevuka ule mstari wa 80.

Nina mteja mmoja, mama muuza samaki wa kukaanga, mcheshi, mdomo haufungwi. Kila mwezi ananunua pakiti tatu na vidonge vya kuongeza damu. Nikadhani pakiti ni za mabinti zake. Siku moja akaniambia zote ni zake, anabadili kila saa kwa siku mbili za mwanzo, na usiku analala juu ya khanga nne. Nikamuuliza tangu lini. "Mbona sisi ukoo wetu ndivyo tulivyo, hata marehemu mama." Kizunguzungu alikuwa nacho, moyo kwenda mbio akipanda ngazi za soko alikuwa nao, na dawa yake ilikuwa juisi ya rozela na matembele. Nilimwandikia kikaratasi, nikamsukuma hospitali. Walimkuta na uvimbe kwenye kizazi na damu ndogo kuliko alivyokuwa na ujauzito wa mwisho. Huyu si mtu asiye na akili; anafanya hesabu ya faida na hasara ya ndoo nzima ya samaki kichwani. Ni kwamba hajawahi, popote, kuonyeshwa kiasi cha kawaida kikoje. Angekiona wapi? Unyagoni alifundwa namna ya kuficha na kufua. Darasani alichorewa kizazi kwa chaki. Televisheni ilimwonyesha maji ya bluu.

Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi: chakula, malaria, minyoo, uzazi wa karibu karibu. Hedhi nzito imo ndani ya orodha, na ndiyo inayojificha kuliko zote kwa kuwa mwenye nayo anaiona kila mwezi na kuizoea.

Tazama pia vile vimatone vilivyochorwa kwenye pakiti. Vitatu, vinne, vitano, vya bluu bila shaka, vingine vimejazwa rangi na vingine ni duara tupu. Wateja wanavisoma kama namba za viatu. Lakini matone manne ya kampuni hii si matone manne ya kampuni ile. Kila mmoja anajichorea. Inawezekana kufanya vingine. Baada ya vifo vya sumu ya bakteria vilivyohusishwa na tamponi nene mwaka 1980, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwalazimisha watengenezaji wa tamponi kutumia majina yenye gramu nyuma yake: "regular" ni gramu 6 hadi 9, "super" ni 9 hadi 12, kwa kampuni zote, na sheria ikaanza kutumika 1990. Pedi hazikuguswa. Na pedi ndizo wanazotumia wanawake wa huku. Vimatone vile ni mapambo.

Picha ya matone mengi inazaa na tatizo la pili, la mfukoni. Msichana anaona kwamba pedi moja inameza kichupa kizima cha maji, anapiga hesabu kwamba moja itamtosha toka asubuhi hadi jioni. Ushauri wa kawaida ni kubadili kila baada ya saa nne hadi nane, mapema zaidi ikijaa. Pakiti ya pedi nane hivi ni pesa ya mboga. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei hazikushuka madukani. Mimi niko dukani, hazikushuka kweli. Kwa hiyo tangazo linalokwambia moja inatosha linaongea na mtu ambaye tayari anatafuta sababu ya kuamini hivyo.

Rangi nayo nisiitupe kabisa, maana kuna mahali inaumiza. Damu ya hedhi haiko nyekundu ya bendera muda wote. Mwanzoni na mwishoni inaweza kuwa ya kahawia, hata nyeusi nyeusi, kwa kuwa imekaa kidogo kabla ya kutoka. Mabinti wanaletwa kwangu na dada zao kwa sababu hiyo tu, wanataka "dawa ya kusafisha kizazi." Na dawa hizo zipo, za unga na za maji, kwenye vibanda, kwenye makundi ya simu, picha ya kizazi cheusi upande mmoja na cha waridi upande wa pili kama sufuria kabla na baada ya steelwire. Kizazi hakisafishwi kwa kunywa kitu. Kinajimenya chenyewe, na huko kujimenya ndiko hedhi. Lakini nani aliwahi kumwonyesha binti rangi ya kahawia akamwambia na hii ni yako, tulia? Pakavu palipoachwa na tangazo la pedi panalimwa na muuza unga.

Kuhusu suruali nyeupe nina neno moja tu. Februari 2023 seneta wa Kenya Gloria Orwoba aliingia bungeni na suti nyeupe yenye doa jekundu nyuma, wenzake wakalalamika, Spika Amason Kingi akamwambia atoke akabadilishe. Alikuwa anapigania pedi za bure kwa wanafunzi. Suruali ile ile tunayoiona kwenye matangazo tangu utoto, mara ya kwanza ikaonekana na kile inachodaiwa kukizuia, na ukumbi mzima ukashindwa kuvumilia.

Najua atakayenijibu. Ni mama mkwe wangu, na ana hoja. Tunakula wote sebuleni, baba mkwe yupo, watoto wapo, tangazo la pedi likianza tu rimoti inatafutwa kama mwizi. Bado hata ni ya bluu. Unataka watuletee damu mezani? Hapana mama, sitaki. Sidai hata tone moja jekundu saa mbili usiku. Nadai waache kumimina. Wamwonyeshe msichana akiangalia saa na kubadili pedi mchana, chooni shuleni, akaifunga na kuitupa panapofaa. Hiyo tu ingefundisha kuliko vichupa vyote. Na kwenye pakiti, ambako baba mkwe haangalii, kwenye ule upande wa ndani unaobaki mtupu, wachore kile ambacho hospitali wanacho tangu zamani.

Kwa maana picha sahihi ipo. Mwaka 1990 madaktari watatu wa Uingereza, Higham, O'Brien na Shaw, walichapisha chati ya kupima hedhi kwa kutazama. Ina michoro ya pedi tatu: yenye doa dogo, iliyolowa kiasi, na iliyolowa yote. Pembeni kuna siku za mwezini, na mwanamke anatia alama kila anapobadili. Doa dogo ni pointi 1. Iliyolowa kiasi ni pointi 5. Iliyojaa ni 20. Bonge dogo linaongeza 1, bonge kubwa 5. Siku zikiisha unajumlisha, na jumla ikifika 100 unapaswa kuonana na daktari. Haihitaji Kiingereza wala kusoma sana, inahitaji kalamu nyekundu.

Nimeichora nyuma ya kifuniko cha boksi la glavu, nimeiegesha kaunta karibu na mizani. Wanawake wanaipiga picha kwa simu. Kijana mmoja wa bodaboda alidhani ni mchezo wa kubeti, nikamweleza, akaipiga picha naye ampelekee mkewe. Ninachowaongezea kwa mdomo ni kwamba chati ilitengenezwa kwa pedi za wakati ule, na hizi za sasa, hasa za usiku, zinabeba zaidi, kwa hiyo ukiijaza ya usiku hadi ukingoni usijidanganye na pointi zile 20. Damu ikipita siku saba, au ukilazimika kubadili kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au mabonge yakizidi upana wa sentimita mbili na nusu, usingoje kumaliza kujumlisha. Ukifika hospitali usiseme tu "natoka sana," taja idadi ya pedi na zilivyolowa, na omba upimwe wingi wa damu. Chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu, hata kama umezoea kuishi nayo tisa.